Matope Matupu Mwezi wa Saba: Lini Uende Kutazama Ndege wa Pwani

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nimekwenda mara mbili katika hifadhi ya ardhioevu iliyo kando ya bahari. Mwezi wa saba nilikuta matope matupu na ndege wachache wa kijivu waliofanana wote. Mwezi wa pili ndege walikuwa maelfu, lakini walikuwa mbali kiasi kwamba hata kwa darubini niliona nukta tu. Je, msimu ulio bora ni upi, na ninapaswa kwenda mara ngapi kwa mwaka?"

Ndugu msomaji, nianze na lile ambalo hukuliuliza, kwa sababu nadhani ndilo lililokunyima ndege. Umetaja miezi, lakini hukutaja saa, wala hukusema kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Ndege wa matope ya pwani huishi kwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ya jua, nayo huamua ni ndege gani watakuwapo katika mwezi fulani na watakuwa wamevaa manyoya ya namna gani. Ya pili ni ya mwezi wa angani, nayo huamua watakuwa wapi katika saa fulani, karibu nawe au kwenye upeo wa macho yako. Wageni wengi huifuata ile ya kwanza na kuisahau ya pili, kisha hurudi nyumbani wakiilaumu hifadhi.

Katika pwani nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana kila siku hujaa kwa kuchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Siku zinazokaribiana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni za bamvua: maji hupanda sana na hushuka sana. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, ambayo hayapandi wala hayashuki kwa kiasi kikubwa. Sasa fikiria uwanda wa matope wenye upana wa kilomita tatu. Maji yanapokupwa, ndege wengi huyafuata hadi ukingoni, kwa kuwa huko tope bado ni bichi na laini, na minyoo, kaa na chaza wadogo wako karibu na uso wake. Wewe uliyesimama ufukoni unabaki ukitazama migongo ya ndege walio kilomita tatu mbele yako, huku joto la ardhi likiitetemesha hewa iliyo kati yenu. Naamini hicho ndicho kilichokupata mwezi wa pili, na hakuna darubini ambayo ingekuokoa.

Kwa hiyo tafuta jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari iliyo karibu na hifadhi, uchague siku ya bamvua au siku moja au mbili baada yake, na ufike kiasi cha muda wa saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa kabisa. Kisha keti. Usiwaendee ndege; maji yatawaleta. Mwanzoni utawaona kama moshi mwembamba uliotanda juu ya tope, na baada ya nusu saa moshi ule unaanza kuwa na miguu na midomo. Ikifika saa nzima unaweza kumtenga ndege mmoja kundini na kumtazama yeye peke yake, jambo ambalo mimi hulithamini kuliko kuhesabu elfu kumi.

Chukua mfano wa kitwitwi mnene wa kijivu, Calidris canutus, ambaye huonekana katika mabara mengi. Anatembea hatua mbili, anadunga mdomo topeni mara kadhaa upesi upesi, anasogea, anadunga tena, mithili ya fundi anayepima udongo kwa kijiti. Hakioni anachokitafuta. Ncha ya mdomo wake imejaa vihisio vya mgandamizo, na anapoudunga katika mchanga uliolowa, maji yaliyo kati ya chembe za mchanga husukumwa. Yakikutana na kitu kigumu kama gamba, mgandamizo hubadilika, naye huhisi kwamba chaza yupo kabla hajamgusa. Halafu utaona akiinua kichwa mara moja tu na kumeza, bila kuvunja wala kufungua gamba. Kazi ya kuvunja anaiachia firigisi, ambayo kwa ndege huyu ni kubwa na yenye misuli kweli kweli. Jambo la ajabu ni kwamba kabla ya kuanza safari ndefu, firigisi hiyo hiyo hunywea, na msafiri huondoka akiwa amepunguza mzigo wa tumbo na kuongeza mafuta na misuli ya kifua.

Kuna mambo mawili kuhusu maji ambayo watu wachache huyazingatia. Kwanza, katika sehemu moja bamvua hujaa karibu saa zile zile mwaka mzima, kwa sababu limefungamana na hali ile ile ya mwezi na jua. Kama katika hifadhi yako bamvua hujaa alasiri, na kibanda cha kutazamia kimeelekezwa magharibi, basi kila siku ya bamvua jua litakuwa usoni mwako na ndege wote watakuwa vivuli vyeusi. Ukilijua hilo mapema utatafuta mahali pengine pa kukaa. Pili, si kila pwani ina maji ya kujaa na kupwa yanayostahili kutajwa. Katika sehemu kubwa ya bahari ya Mediterania na ya Baltiki tofauti ni ndogo mno, na huko upepo, mvua na milango ya maji inayoendeshwa na wahifadhi ndivyo huamua tope lipi litakuwa wazi. Katika hifadhi ya namna hiyo swali la kuwauliza wenyeji ni kina cha maji katika kila bwawa wiki hiyo, kwa sababu kitwitwi hawezi kula penye maji yanayompita mapaja.

Maji yakishajaa kabisa, ndege hukusanyika mahali pakavu kulala na kusafisha manyoya. Hapo ndipo utakapowaona bega kwa bega, wengi wao wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja na kuficha mdomo mgongoni. Mahali hapo huenda pasiwe ndani ya mipaka ya hifadhi, maana ndege hawajui mipaka. Mashamba ya chumvi hupendwa sana kwa kazi hii. Pale Walvis Bay nchini Namibia, kwa mfano, mabwawa ya chumvi yana heroe na vitwitwi wengi. Mkataba wa kimataifa wa ardhioevu uliotiwa saini katika mji wa Ramsar nchini Irani mwaka 1971 uliliona jambo hili, ndiyo maana unahesabu kuwa ardhioevu hata maji ya bahari ambayo kina chake hakizidi mita 6 wakati wa kupwa, pamoja na mabwawa yaliyochimbwa na watu.

Sasa nirudi kwenye kalenda ya jua, ambayo ndiyo uliyoiulizia. Wengi wa vitwitwi na jamaa zao huzaliana katika nyika za kaskazini ya mbali kwa wiki chache tu za mwezi wa sita na wa saba, na muda mwingine wote wa mwaka huutumia njiani au pwani. Hivyo basi neno "msimu" halina maana moja: mwezi wa pili katika tropiki na kusini mwa dunia ni wakati wa kunenepa kwa ajili ya safari, ilhali kaskazini ni kipindi cha baridi kali ambapo kila ndege anapigania kuiona kesho.

Kipindi cha Novemba hadi Februari sitakieleza kwa urefu, kwa sababu ndicho rahisi kukielewa. Idadi ni kubwa na haibadilikibadiliki, ndege wametulia, nao wamevaa kijivu. Banc d'Arguin nchini Mauritania hupokea wakati huo ndege wa majini zaidi ya milioni mbili, na pwani za Ulaya hujaa bata na mabata bukini waliokimbia barafu. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, inayoendelea tangu mwaka 1967, hufanyika mwezi Januari kwa sababu hii hii: ndege wamekaa mahali pamoja. Ukitaka wingi, nenda wakati huo. Ukitaka kujifunza majina, hutafurahi sana, kwa kuwa kijivu kwa kijivu huwashinda hata wazoefu.

Wakati ninaoupenda mimi ni mwezi wa tatu na wa nne kwa aliye tropiki au kusini, na wa nne na wa tano kwa aliye kaskazini. Ndege wale wa kijivu wanaanza kuvaa manyoya ya rangi ya kuzaliana. Kwa siku chache tu utamwona Calidris ferruginea, mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, ana madoa mekundu ya rangi ya tofali kifuani kana kwamba amerushiwa tope; ukirudi baada ya wiki mbili, kifua chote ni chekundu. Pluvialis squatarola, ambaye miezi yote alikuwa na tumbo jeupe, hupata tumbo jeusi kama mkaa. Jioni, karibu na machweo, kundi dogo huanza kupiga kelele zisizo za kawaida, hupaa, huzunguka, hutua, hupaa tena, na safari hii hupanda juu zaidi na kuelekea upande mmoja bila kurudi. Kuwaona wakiondoka hivyo kunahitaji subira tu, maana hakuna jedwali linaloitaja siku yake, ingawa anga safi na upepo wa kuwasukuma mgongoni ni dalili njema.

Hawaendi moja kwa moja. Wengi wao hutua njiani kujaza mafuta, na vituo hivyo ni vichache mno. Katika ghuba ya Delaware, pwani ya mashariki ya Marekani, Calidris canutus hufika mwezi Mei wakiwa wamekonda, wakala mayai ya Limulus polyphemus, mnyama wa kale mwenye gamba kama kofia ya askari anayepanda ufukoni kutaga, na katika muda wa wiki mbili hivi huweza kukaribia kuongeza uzito wao maradufu. Mayai ni laini, kwa hiyo firigisi iliyonywea haiwi tatizo. Bahari ya Manjano, kati ya China na Korea, ni kituo cha namna hiyo kwa ndege watokao Australia na New Zealand, na sehemu za pwani yake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2019 na 2021 baada ya matope mengi kufukiwa kwa ajili ya viwanda na mashamba. Ndiyo maana tope moja likipotea Asia, pengo lake huonekana katika hifadhi ya mtu aliye maelfu ya kilomita kusini.

Sasa ule mwezi wako wa saba. Hukusema hifadhi yako iko upande gani wa dunia, basi nijibu pande zote mbili. Kama ni tropiki au kusini, wale wachache wa kijivu karibu wote walikuwa vijana: ndege wa mwaka wa kwanza ambao hawajawa tayari kuzaa, na ambao huona heri kubaki kuliko kusafiri nusu ya dunia bila faida. Kwa kuwa hawazai, hawana haja ya kuvaa. Kama ni kaskazini, ulifika mapema kidogo, au ulifika maji yakiwa yamekupwa, kwani mwanzoni mwa mwezi wa saba madume ya Calidris ferruginea tayari yameanza kurudi. Madume hayo hayalei watoto kabisa. Yakishapandana na majike, kazi yao imekwisha. Majike hufuata, na watoto huja mwisho, mwezi wa nane na wa tisa, bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Mwaka 2022 kinda wa jamaa yao mkubwa zaidi, Limosa lapponica, mwenye umri wa miezi mitano hivi na kifaa cha setilaiti mgongoni, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua hata mara moja. Huyo ni ndege ambaye hakuwahi kuiona njia ile wala mwisho wake.

Kwa anayetaka kujifunza, hakuna wakati unaozidi mwezi wa nane na wa tisa. Wakubwa wamechakaa, manyoya yao yamelika kingo na rangi imebaki mabaka. Watoto ni wapya kabisa, kila unyoya mgongoni umezungushiwa ukingo mwembamba wa rangi ya krimu, na ukimtazama kwa karibu utadhani ni magamba ya samaki yaliyopangwa. Zaidi ya hayo, watoto hawajajifunza kumwogopa binadamu. Mara kadhaa wamekula topeni mbele ya buti langu, nami nimekaa kimya nikihofia hata kumeza mate.

Katika hifadhi nyingi mwezi wa tano, wa sita na wa saba una faida nyingine isiyohusu wasafiri: shakwe, buabua na ndege wengine wa pwani huzaliana. Buabua mdogo hutaga moja kwa moja juu ya mchanga, na mayai yake huwezi kuyatofautisha na kokoto hadi uwe umeshayakanyaga. Ukikuta kamba na kibao cha kukuzuia, usijiambie kwamba utapita pembeni tu. Katika tropiki, majira ya kuzaliana huamuliwa zaidi na mvua kuliko na mwezi wa kalenda, na mvua hiyo hiyo huwavuta bata, kulastara na yangeyange kwenda kwenye madimbwi ya bara. Ukame ukirudi, nao hurudi pwani.

Kuhusu usumbufu nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu wapenda ndege wenyewe ndio wakosaji wakubwa. Ndege anayelala wakati maji yamejaa anatunza mafuta aliyoyapata kwa saa nyingi za kula. Ukimrusha, unayachoma. Kipimo ni rahisi: vichwa vikianza kuinuka kwa pamoja, umeshakaribia kupita kiasi, na hatua inayofuata ni kurudi nyuma taratibu, si kusimama kupiga picha moja ya mwisho. Kozi akipita, kundi litapaa lenyewe, litajikunja na kugeuka kama kitambaa kinachokung'utwa, na baada ya dakika chache litatua pale pale. Likipaa kwa sababu yako, mara nyingi halirudi. Ndege isiyo na rubani hawaitofautishi na kozi, na mbwa aliyefunguliwa kamba ni mbaya kuliko vyote viwili.

Na wewe mwenyewe ujilinde. Maji hayajazi matope kutoka mbele kwenda nyuma kama watu wanavyodhani. Hupitia kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako. Niliwahi kusimama juu ya fungu la mchanga nikitazama kundi la sululu lililokuwa likinikaribia kwa namna iliyonipendeza mno, na nilipogeuka nikakuta kijito nilichokivuka kwa kuruka kimekuwa na upana wa barabara na kina cha kiuno. Nilivuka, lakini daftari la mwaka mzima lilikuwa mfukoni. Tangu siku hiyo hutembea topeni wakati wa kupwa tu, na huweka saa ya kurudi kabla sijatoka.

Vifaa si jambo la kukuumiza kichwa. Darubini ya mkono ya 8x42 inatosha mwaka wa kwanza, na darubini kubwa ya miguu mitatu mara nyingi utaazimwa ndani ya kibanda ukiomba kwa adabu.

Umeuliza mara ngapi. Ningependa uende mara sita: mara moja Januari, mara mbili wakati wa kuondoka, mara moja wakati wa kuzaliana, na mara mbili wakati wa kurudi. Kama huna nafasi ya safari sita, nenda mara tatu tu, lakini mbili kati ya hizo ziwe ndani ya mwezi mmoja, moja katika bamvua na nyingine katika maji mafu, ukae mahali pale pale. Hakuna zoezi litakalokufundisha hifadhi yako upesi kama hilo.

Jambo la mwisho ni la kufanya ukiwa umeketi. Itazame miguu ya ndege. Baadhi yao wamefungwa pete na vibendera vya plastiki, na rangi hueleza walikofungiwa. Katika njia ya mashariki ya Asia na Australasia, kwa mfano, kibendera cheupe ni cha New Zealand, cha njano ni cha kaskazini-magharibi mwa Australia, na cha rangi ya chungwa ni cha Victoria. Andika rangi, herufi zilizo juu yake, mguu wa kulia au wa kushoto, na kama kiko juu au chini ya kile kiungo ambacho wengi hukiita goti, ingawa kwa kweli ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa ndani ya manyoya. Andika pia tarehe, saa, na hali ya maji. Kisha mpe mhifadhi wa zamu, naye atajua pa kuipeleka taarifa hiyo, na baada ya wiki kadhaa huenda ukaletewa historia ya ndege yule: alifungwa lini, akiwa na umri gani, na nani wengine wamewahi kumwona, katika matope ya nchi zipi.